Mita 1,800 za kwenye boksi hazifiki shambani

Nimetumiwa tena picha ya boksi la skopu ya joto, ile ya bunduki inayoonyesha joto la vitu badala ya mwanga, na swali lile lile: "Afande, hii inaona mita 1,800, ile ya bei kubwa inaona 1,300. Si tuchukue hii?" Aliyeuliza ni askari mwenzangu, mtu makini, anafanya kazi ya wanyama wakali na waharibifu kama mimi. Kama hata yeye amelishwa namba hiyo, basi nijibu hadharani.

Mita 1,800 ni umbali wa kugundua. Maana yake kwenye kioo kuna doa lenye joto kuliko vilivyolizunguka. Basi. Hakuna aliyekuahidi kwamba utajua doa hilo lina miguu minne au miwili. Kwa skopu ya lenzi ya milimita 35 na kihisi cha mikroni 12 (huo ni upana wa kila pikseli, yaani kitone kimoja cha picha, kwenye kihisi), mtu mzima aliyesimama mita 1,800 ni pikseli zisizofika tatu kwa kimo chake chote. Pikseli tatu ni mtu, ni kisiki, ni jiwe lililoshinda juani.

Kipimo cha kugundua na kutambua kinachotumika hadi leo kilitokana na kazi ya John Johnson, mtafiti wa maabara ya jeshi la Marekani, mwaka 1958. Ukikigeuza kuwa pikseli, kugundua kunataka kama 2 kwenye kimo cha kitu, kujua ni kitu cha namna gani kama 8, na kutambua hasa ni kipi kama 13. Na hapo watazamaji nusu tu ndio wanaopatia. Sasa mlete nguruwe pori mwenye kimo cha sentimita 70 begani. Skopu hiyo ya lenzi ya 35 inafunika sentimita 3.4 kwa kila pikseli kwenye mita 100. Piga hesabu: doa lake utaliona karibu na kilomita moja, utaanza kujua ni mnyama wa namna gani kwenye mita 250, na utamtambua, kwa uhakika wa nusu kwa nusu, kwenye mita 155. Kutoka 1,800 tumeshuka hadi 155, na bado hajainamisha kichwa kwenye karanga.

Tofauti hiyo ndiyo inayoua watu. Shamba la Bahi au Chamwino, huku Dodoma, mazao yakikaribia kukomaa si pori tupu. Kuna mzee amelala kwenye ulingo, kijana anazunguka na mbwa wake, punda wa jirani amekata kamba. Wote wana joto, wote wanang'aa weupe ule ule. Mtoto aliyechuchumaa kwenye mtama kwa mita 300 ana umbo la nguruwe kabisa. Askari anayefyatua kwa sababu "skopu inaona mbali" amefyatulia doa.

Kwa tembo nakubali namba kubwa ina kazi. Tembo wa kimo cha mita tatu, kwa kilomita moja, anakupa pikseli karibu tisa, na vijiji vinavyopakana na mapori ya akiba ya Swagaswaga au Mkungunero vikipata taarifa mapema, mabomu baridi, yale ya mlio wa kutisha tu, yanamrudisha kabla hajafika kwenye mahindi. Lakini hiyo ni kazi ya darubini ya joto ya mkononi. Haihitaji bunduki.

Linalonichosha zaidi ni la 640 na 384, yaani idadi ya pikseli kwa upana wa kihisi. Kila mtu anaamini kihisi cha 640 "kinaona mbali" kuliko cha 384. Hakioni mbali. Kama lenzi ni ile ile ya 35 na pikseli ni zile zile za mikroni 12, nguruwe wa mita 200 anapata pikseli kumi kwenye zote mbili, sawasawa. Unacholipia kwenye 640 ni upana: kwa mita 100 unaona uwanja wa mita 22 hivi, wakati 384 inakupa 13. Upana huo ni muhimu sana pale kundi linapotawanyika na unataka kujua nani yuko nyuma ya shabaha, na mimi ningeulipia. Ila usinunue upana ukidhani umenunua umbali. Umbali unaletwa na lenzi ndefu au pikseli ndogo. Kihisi cha zamani cha mikroni 17 nyuma ya lenzi ya 35 kinakupa karibu sawa na cha mikroni 12 nyuma ya lenzi ya 25. Kwa hiyo skopu mbili zilizoandikwa "640" zinaweza kupishana sana, na muuzaji hatakuambia usipomuuliza mikroni ngapi. Zoomu ya kidijitali haiongezi hata pikseli moja, inazinenepesha tu zilizopo.

Kisha kuna hali yetu ya hewa. Usikivu wa joto, yaani tofauti ndogo kabisa ya joto ambayo kifaa kinaweza kuiona, huandikwa kwa milikelvini (sehemu za elfu za nyuzi moja), na namba ndogo ni bora, lakini angalia kama ni ya kihisi peke yake au ya kifaa kizima. Namba ya f ni uwazi wa lenzi, na ikiwa ndogo uwazi ni mkubwa: lenzi ya f/1.2 inapitisha joto pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko ya f/1.0, na hilo halionekani kwenye tangazo. Oktoba hapa Dodoma majabali, vichuguu na mashina ya mibuyu vinashika joto la mchana hadi usiku mwingi. Saa mbili usiku kioo kimejaa madoa. Ukisubiri hadi saa tisa au kumi, vimepoa, mnyama anajitokeza. Masika ni kinyume: majani yamelowa, kila kitu kina joto moja, na hapo ndipo milikelvini 25 dhidi ya 50 inaonekana kwa macho.

Mengine kwa haraka. Skopu ya joto haioni kupitia kioo cha gari. Haioni kupitia majani. Inaona kwenye matundu ya majani, kwa hiyo kwenye uwele uliosimama usitarajie muujiza. Herzi 50, yaani picha 50 kwa sekunde, ni bora kuliko 25 kwa mnyama anayekimbia, ila kwa anayekimbia usipige. Na ukiambiwa usiku kuna ngiri, karibu kila mara ni nguruwe pori. Ngiri saa hizo amelala kwenye shimo la muhanga.

Usitafute mnyama kwa skopu iliyo juu ya bunduki. Utakuwa unawapitishia mtutu watu wote wa shamba. Tafuta kwa darubini ya mkononi, tambua, ndipo unyanyue. Kama fedha inatosha kifaa kimoja tu, chukua cha mkononi. Na raia mwenye bunduki yake ajue kwamba skopu haimpi ruhusa ya kuwinda usiku. Kazi hiyo ni ya askari waliotumwa.

Nina mashaka yangu na hesabu hizi. Johnson aliwapima watazamaji kwa shabaha za kijeshi na vifaa vya zama zake, si nguruwe ndani ya mtama, na skopu za sasa zina programu inayochonga kingo za picha. Picha inapendeza, lakini siamini kila kona ninayoonyeshwa. Wala siamini kipimo cha umbali kinachokisia kwa kimo cha mnyama, kwa sababu nguruwe mdogo wa karibu na mkubwa wa mbali wanalingana kiooni.

Kwa hiyo, afande, kabla ya kusaini, mwombe muuzaji usiku mmoja, bila bunduki. Weka mbwa, mbuzi na mtu aliyechuchumaa kwa mita 150, kisha 250, umwite askari ambaye hajui nani yuko wapi. Akikosea kwenye 250, andika 150 kwenye kitako cha bunduki kwa rangi nyeupe.