Yin na yang katika nyumba ya Kichina: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Feng shui, elimu ya jadi ya Kichina ya kupanga nyumba, husawazisha yin na yang, pande mbili zinazokamilishana. Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba yin ni ubaya na yang ni uzuri, na kwa hiyo nyumba njema ni ile iliyoifukuza yin kabisa. Wachina wa kale hawakuligawa jambo hilo namna hiyo. Kwao yin ilikuwa upande wa mlima ulio kivulini na yang upande unaopigwa na jua. Na kwa kuwa jua huhama, penye mwanga asubuhi huweza kuwa kivulini jioni. Hakuna chumba kilicho yin au yang pasipo kulinganishwa na kingine: sebule ni yang mbele ya chumba cha kulala, lakini ni yin mbele ya ua ulio wazi. Anayejaza taa kali na rangi nyekundu chumbani mwa kulala kwa kuiogopa yin anakwenda kinyume cha kanuni anazodhani anazifuata, maana mahali pa usingizi panahitaji utulivu na giza.

Wengine huelewa kwamba mizani ni nusu kwa nusu, kana kwamba kila chumba kinapaswa kupata sehemu sawa za mwanga na kivuli. Nyumba za ua za Beijing, ziitwazo siheyuan, zinaonyesha vingine. Majengo manne huzunguka ua, na lile kuu, lililotengwa kwa ajili ya wazee wa familia, hukaa kaskazini likitazama kusini. Beijing iko karibu nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba hupanda nyuzi 27 hivi tu na kupenya hadi ndani ya chumba, ilhali mwishoni mwa Juni hupanda zaidi ya nyuzi 73 na kuzuiwa na upenu wa paa. Ukuta wa nyuma, unaokabili upepo baridi wa kaskazini, mara nyingi hauna madirisha. Jengo la kusini, lenye jua haba, waliachiwa wageni na watumishi. Mizani ya siheyuan, basi, ilikuwa pia ngazi ya vyeo, jambo ambalo washauri wa mapambo ya nyumba hupenda kulinyamazia.

Hapo ndipo inapoonekana udhaifu wa dhana kwamba mlango lazima uelekee kusini popote duniani. Hata katika siheyuan lango la barabarani kwa kawaida huwa kwenye pembe ya kusini-mashariki, wala si katikati. Msikiti Mkuu wa Xi'an, wenye nyua na mapaa ya Kichina kabisa, umepangwa kutoka mashariki kwenda magharibi ili waumini waelekee Makka. Na aliyejenga Dar es Salaam, ambako kwa zaidi ya nusu ya mwaka jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, hapati kwa kuelekea kusini faida anayoipata mtu wa Beijing.

Kuhusu chemchemi ndogo za mezani, sarafu zilizofungwa uzi mwekundu na sanamu za chura wa miguu mitatu, vinavyouzwa kama vya kuleta bahati, inatosha kusema kwamba nyumba yenye madirisha mabaya haitengenezwi na kitu cha dukani. Ile "kona ya utajiri" inayopimwa kwa kusimama mlangoni na kutazama ndani, bila kujali dira, ilienezwa hasa na Lin Yun, mwalimu aliyekuwa akifundisha Marekani katika miaka ya 1980, ingawa wengi huitaja kama desturi ya maelfu ya miaka. Mafundi wa feng shui wa mkondo wa zamani hutumia dira iitwayo luopan, nao huikataa njia hiyo.

Dhana ya mwisho ni kwamba mambo haya yote yamethibitishwa na sayansi. Kinachothibitika ni kile kinachopimika, yaani mwanga, joto na mwendo wa hewa, na katika hayo wajenzi wa Beijing walikuwa na hoja nzuri. Kwamba kukigeuza kitanda huleta fedha au huzuia talaka, hakuna ushahidi wa kisayansi unaoonyesha hivyo.