Miguu ya Dexter: yanayosemwa ulingoni na ukweli wake

"Dexter halisi ana miguu mifupi, mrefu ni chotara." Pembezoni mwa ulingo wa maonyesho ya ng'ombe utaisikia kauli hii kuliko nyingine yoyote, na si kweli. Dexter ni ng'ombe mdogo wa kusini-magharibi mwa Ireland, ndugu wa karibu wa ng'ombe wa Kerry, na tangu zamani ana maumbo mawili: wa miguu mifupi na wa miguu ya kawaida. Wote wawili huweza kuzaliwa na mama mmoja na baba mmoja. Vigezo vya aina hii nchini Uingereza vinawakubali wote, na kimo cha jike kimewekwa kati ya sentimita 92 na 107 begani, dume 97 hadi 112. Mwamuzi anayemshusha mnyama mzuri nafasi ya mwisho kwa sababu ya urefu wa miguu peke yake hana kigezo cha kuegemea.

Wengine husema ukipandisha mfupi kwa mfupi utapata wafupi watupu. Hapa ndipo msiba ulipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Ufupi huo unatokana na hitilafu katika jeni (chembe ya urithi) iitwayo ACAN, inayohusika na gegedu, ile tishu laini ambayo mifupa ya miguu huanzia kwayo na kurefukia humo. Kila ndama hupata nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa mama na moja kwa baba. Akirithi nakala moja yenye hitilafu, miguu inakuwa mifupi na mara nyingi anaishi vizuri, anazaa na kukamuliwa kama wenzake. Akirithi nakala mbili zenye hitilafu, haishi. Wazazi wote wawili wakiwa wafupi, kwa wastani katika kila mimba nne, mbili ni za ndama wafupi, moja ni ya ndama wa miguu ya kawaida, na moja ni ya ndama anayeitwa buldogi: kichwa kimevimba kama boga, pua imebonyea, ulimi umetoka nje, na miguu ni vipande tu. Ng'ombe huitupa mimba hiyo, mara nyingi kabla ya mwezi wa saba. Aliyewahi kumkuta ndama huyo kwenye nyasi asubuhi hasahau.

Jambo hili halikuanza kujulikana jana. F. A. E. Crew, mtaalamu wa urithi wa wanyama wa Edinburgh, Scotland, aliandika juu ya ndama hawa mwaka 1923. Jeni yenyewe ilitambuliwa mwaka 2007 na watafiti walioongozwa kutoka Australia. Miaka 84 hiyo yote, mfugaji alibahatisha.

Leo hana haja ya kubahatisha, ingawa wapo wanaoshikilia kwamba jicho linatosha. Kwa ng'ombe mzima jicho hupatia mara nyingi: tazama mguu wa mbele, kipande cha kutoka goti hadi kifundo, utaona kilivyo kifupi. Lakini wapo Dexter wadogo wasio na hitilafu hiyo, na ndama mchanga mwenye manyoya mengi humdanganya hata mzoefu. Kipimo ni rahisi. Unang'oa nywele za kishungi cha mkia, unazitazama kama mizizi imetoka nazo, kisha unazipeleka maabara. Za kukata kwa mkasi hazifai, kwa kuwa kinachopimwa kimo kwenye mzizi. Na uulize kama maabara inapima hitilafu zote mbili zinazojulikana, maana ipo zaidi ya moja.

Eti mfupi ni wa maziwa na mrefu ni wa nyama? Hapana. Dexter wa umbo lolote hufugwa kwa vyote viwili.

Ulingoni, natamani waamuzi watazame mgongo, mwendo, kwato, na hasa kiwele. Kwa jike mfupi kiwele kina umuhimu wa pekee: kikining'inia, chuchu zinaburuzwa kwenye matope na upupu. Hilo ni kosa la kumpunguzia alama. Urefu wa mguu si kosa wala sifa.

Kombe analopewa dume kwa ufupi wake haliishii uwanjani. Watu hukimbilia mbegu zake, na kwa wastani nusu ya mbegu hizo zina ile hitilafu. Mwenye majike wafupi anaweza kujikinga kwa kumpima dume mmoja tu: dume akiwa hana hitilafu, hakuna buldogi atakayezaliwa naye, hata zizi zima likiwa la majike wafupi, na karibu nusu ya ndama watatoka wafupi vilevile.