Jamaa: ndugu yako au mtu usiyemjua?

Majuzi tulikuwa na wanafunzi kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, pale Kaloleni. Mmoja akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo ujamaa ni mambo ya washikaji?" Ndiyo maana idara yetu ya Kiswahili inalizungumzia neno jamaa leo.

Simlaumu. Ukipita Soko la Kilombero utasikia, "Kuna jamaa anakutafuta," au "Yule jamaa hajalipa." Hapo jamaa ni mwanamume fulani tu, pengine hata jina humjui. Maana kongwe ni kinyume chake kabisa. Jamaa ni mtu wako, wa damu au wa ukoo, yule asiyekosa kuitwa posa inapoletwa au msiba unapoingia. Familia ni wa nyumba moja. Jamaa wanafika mpaka kwa watoto wa binamu.

Neno limetoka Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kukusanya, uliotupa pia jamii, Ijumaa na jumuiya. Kwa hiyo Arusha inalea watoto wawili wa mzizi mmoja: ujamaa wa Azimio la mwaka 1967, na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mkataba wake ulitiwa saini hapahapa tarehe 30 Novemba 1999. Mwalimu Nyerere alipolieleza wazo lake la ujamaa mwaka 1962, alianzia kwenye ukoo: watu wanaofanya kazi pamoja na kugawana walichonacho, undugu huo utanuliwe hadi uwe wa taifa zima. Ukubaliane naye au usikubaliane, huwezi kumwelewa ikiwa jamaa kwako ni "mtu fulani".

Sarufi yake pia inasumbua. Ni jamaa yangu, jamaa zangu, kama ndugu yangu, ndugu zangu. Kitenzi ndicho kinachofuata watu: jamaa zangu wamefika. "Jamaa wangu" tunaikuta mno, hata kwenye barua za ofisi.

Matumizi ya mtaani yameshaota mizizi, na sioni sababu ya kuyang'oa. Ila kwenye fomu ya hospitali au muhtasari wa kikao cha ukoo, tafadhali taja uhusiano wenyewe: shangazi, mjomba, mtoto wa baba mdogo. Karani wa mahakama akisoma "jamaa wa marehemu" atajuaje kama ni mrithi, au ni jirani aliyesaidia kubeba jeneza?