Jicho la kisosholojia: kuiona jamii katika siku ya kawaida ya Mombasa

Katika wiki ya Waswahili mna siku mbili za tano. Jumatano ni ya tano kwa hesabu inayoanzia Jumamosi, siku inayofuata Ijumaa. Alhamisi nayo, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiarabu la tano, ni ya tano kwa hesabu inayoanzia Jumapili. Majina haya mawili hufuatana vinywani mwetu kila wiki, na kwa kuwa tumeyazoea tangu utotoni, ni nadra mtu kuuliza ilikuwaje tano ikaja mara mbili. Anayeuliza, na asiyetosheka na jibu la kwamba ndivyo tulivyowakuta wazee, ameanza kutazama kwa jicho la kisosholojia.

Sosholojia, ambayo wengine huiita elimujamii, ni taaluma inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja: mahusiano yao, taasisi zao, kanuni wanazozifuata na namna kanuni hizo zinavyobadilika. Jicho la kisosholojia ni namna ya kulitazama jambo la kila siku, ambalo kwa haraka huonekana kuwa la mtu binafsi au la maumbile, na kutafuta ndani yake kazi iliyofanywa na jamii kupitia desturi, dini, sheria, uchumi na historia. Wengi hudhani kwamba mtaalamu wa jamii hutafuta mambo ya ajabu ya watu wa mbali. Kwa maoni yangu ugumu mkubwa uko karibu zaidi, katika mambo tunayoyafanya kabla ya kunywa chai ya asubuhi, kwa sababu kitu kilichozoeleka huacha kuonekana. Mazoea yana taabu, na hii ni mojawapo ya taabu zake.

Wiki yenyewe ni mfano mzuri. Siku hupimwa kwa jua. Mwezi, kwa wanaofuata hesabu ya Kiislamu, hupimwa kwa mwandamo. Mwaka tunauona katika kupokezana kwa kaskazi na kusi. Wiki haina chochote angani kinachoipima. Ni mpango wa watu, na historia inaonyesha kwamba watu wamewahi kujaribu kuupangua. Serikali ya mapinduzi ya Ufaransa ilianzisha mwaka 1793 kalenda iliyokuwa na juma la siku kumi, na kalenda hiyo ikafutwa mwishoni mwa mwaka 1805. Umoja wa Kisovieti ulianzisha juma la siku tano mwaka 1929, ukahamia la siku sita mwaka 1931, kisha mwaka 1940 ukarejea kwenye siku saba. Katika mpango ule wa siku tano wafanyakazi waligawanywa kwa makundi yaliyopumzika siku tofauti, hivyo mume angeweza kuwa nyumbani siku ambayo mkewe yuko kiwandani. Hapo ndipo watu walipogundua kwamba mapumziko hayana ladha kamili yasipokuwa ya pamoja.

Sisi wa Mombasa tunaishi katika majuma mawili yaliyopandana. Juma la ofisi na shule, lililokuja na utawala wa Waingereza, hupumzika Jumapili; juma la msikiti lina kilele chake siku ya Ijumaa. Adhuhuri ya Ijumaa inapokaribia, maduka mengi ya Mji wa Kale hufungwa, na hata mwenye duka asiyekwenda kuswali huona hana faida ya kukaa wazi, kwa kuwa wateja wake hawapo. Akiulizwa atasema amefunga kwa hiari yake, na atakuwa amesema kweli. Lakini hiari hiyo imepata umbo lake kutokana na hiari za wengine, na hao wengine nao hivyo hivyo, mpaka asipatikane mtu mmoja wa kuambiwa kwamba ndiye aliyeamua.

Saa pia ina historia ya namna hii. Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua huchomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, kwa hiyo imewezekana kuanza kuhesabu saa kutoka kucha na kuchwa. Maumbile yameruhusu hesabu hiyo, hayakuilazimisha, maana kuna miji mingi iliyo karibu na ikweta ambayo watu wake huhesabu kuanzia usiku wa manane. Simu inaandika 8:00, mdomo unasema saa mbili, na mtoto wa hapa huimudu tafsiri hiyo bila kukumbuka aliyemfundisha.

Mfaransa Émile Durkheim, mmoja wa waasisi wa taaluma hii, aliyaeleza mambo kama haya mwaka 1895 kwa dhana inayoweza kuitwa kwa Kiswahili ukweli wa kijamii: njia za kutenda, kufikiri na kuhisi ambazo ziko nje ya mtu mmoja mmoja na zina nguvu ya kumshurutisha. Anayeifuata kanuni haisikii nguvu hiyo, humfika anayeikiuka. Kijana akipita mbele ya wazee walioketi barazani bila kutoa salamu, hakuna sheria ya nchi aliyoivunja wala askari wa kumkamata. Hata hivyo, kabla hajafika mwisho wa uchochoro, swali litakuwa limeshaulizwa nyuma yake: huyu ni mtoto wa nani? Swali lenyewe linafaa kusikilizwa kwa makini. Haliulizi jina la kijana wala kazi yake, linauliza nyumba aliyotoka, kwa sababu katika fikra za mtaa shikamoo si mali ya anayeitoa peke yake. Ni sehemu ya heshima ya wazazi wake, na deni lake litapelekwa kwao. Vivyo hivyo, mtu mwenye homa akiulizwa hujambo hujibu kwanza sijambo, ndipo huongeza ila usiku sikulala. Taratibu ya salamu hutangulia, habari ya mwili ikafuata.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba jicho hili linahusu adabu na desturi tu. Linahusu pia taabu. Mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills, mwaka 1959, alitenganisha shida za mtu binafsi na masuala ya umma, na mfano wake ulikuwa wa ajira: katika mji wa watu 100,000, mtu mmoja akikosa kazi, inafaa kutazama tabia yake, ujuzi wake na nafasi zilizo karibu naye, lakini katika nchi ya wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, hatuwezi kupata maelezo kwa kuchunguza tabia ya mmoja mmoja. Inabidi tutazame jinsi nafasi zenyewe zilivyopangwa.

Kwetu, mahali pa kulielewa jambo hili ni Likoni. Kivuko kinaunganisha kisiwa cha Mombasa na bara ya kusini, na kwa hesabu zinazotajwa mara kwa mara watu wanaozidi 300,000 huvuka kwa siku. Waendao kwa miguu huvuka bila malipo, magari hulipa. Mwanamke anayefanya kazi za nyumbani kisiwani, akichelewa asubuhi moja, ataambiwa na mwajiri wake kwamba aamke mapema, na huenda siku hiyo ni kweli alilala. Lakini maelfu ya watu wa tabia mbalimbali, wavivu na wachapakazi, wanapochelewa mahali pale pale kwa sababu ile ile, ushauri wa kuamka mapema haujibu swali. Swali ni kwa nini kazi ziko upande mmoja na nyumba ambazo mfanyakazi anazimudu ziko upande wa pili. Ni kwa nini upande wa kaskazini una daraja la Nyali ilhali huku gari linalovukia Likoni halina budi kungoja feri.

Sehemu ya jibu iko ndani ya maji yenyewe. Mlango huo wa bahari ndio njia ya meli ziendazo bandari ya Kilindini, na meli kubwa inapoingia, feri huipisha. Mizigo inayoshushwa Kilindini huenda Nairobi, na mingine huendelea mpaka Uganda, Rwanda na Sudan Kusini. Kwa hiyo dakika ambazo mama yule anasimama kwenye mteremko wa kivuko, mkoba kifuani, zimefungamana na biashara ya nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga. Mwajiri wake anaziona dakika hizo kama uzembe. Yeye mwenyewe, akiambiwa hivyo siku nyingi, huanza kuziona hivyo. Ndiyo maana naamini kwamba dhana hii ya jicho la kisosholojia ina thamani kubwa kwa watu wa kawaida kuliko kwa wasomi: humwezesha mtu kutenganisha kosa lililo lake na lile alilobebeshwa.

Haina maana kwamba mtu hana uamuzi. Wapo wanaovuka kabla ya alfajiri ili kuepuka msongamano, wapo waliohamia upande wa pili kwa kodi inayowaumiza, wapo walioacha kazi za kisiwani wakafungua genge karibu na nyumbani. Kila mmoja ameamua, ila orodha ya mambo ya kuchagua hakuiandika yeye. Anayesahau nusu ya kwanza ya sentensi hiyo huwafanya watu kuwa vikaragosi, na anayesahau nusu ya pili huwatwika lawama isiyo yao.

Kuhusu namna ya kutazama, sharti la kwanza ni kurudi. Mtu aliyekwenda Marikiti mara moja ameona soko siku ile. Aliyekwenda siku kumi, kwa nyakati tofauti, anaanza kujua kipi ni cha kila siku na kipi kilitukia tu. La pili ni kuuliza nani hayupo. Baraza za mawe mbele ya nyumba za Mji wa Kale huwa na mazungumzo mengi jioni, na mtafiti akiketi hapo mwezi mzima anaweza kurudi na daftari lililojaa akiamini amelijua jambo la mji, kumbe amelijua jambo la wanaume. Mazungumzo ya wanawake yako ndani, kwenye harusi, na wakati mwingine yako juu ya nguo: leso ina jina, yaani maneno yaliyochapishwa juu yake, na mwanamke anaweza kumfikishia jirani ujumbe kwa kujitanda leso fulani bila kutamka neno. Mtazamaji wa kiume hupita akaona rangi. Anayetazama anatazama kutoka mahali fulani, na mahali hapo humfungulia milango mingine na kumfungia mingine.

Sharti la tatu, ambalo mimi hulipata gumu, ni kutenganisha nilichokiona na nilichokidhani. Ndani ya feri watu hubanana bega kwa bega lakini hawakaziani macho. Hutupa jicho mara moja, kisha hulihamishia majini au kwenye simu, namna ya kumpa mwenzio nafasi mahali pasipo na nafasi. Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, aliiandika adabu hii ya wageni mwaka 1963, na kila asubuhi Likoni huitimiza. Katikati ya umati huo niliwaona kina mama wanaosimama pamoja upande mmoja, siku baada ya siku, nikaandika kwamba ni marafiki. Siku nilipomsalimia mmoja wao na kumuuliza, aliniambia kwamba hajui jina la hata mmoja kati yao. Husimama hapo kwa sababu hasukumwi sana, na kwa sababu siku yake ya kwanza kuvuka kwenda kazini alimkuta mama mmoja mtu mzima amesimama pale, akaona ni heri asimame karibu naye. Mama huyo siku hizi havuki tena. Nilipofika nyumbani nililikata neno marafiki katika daftari, nikaandika: wamesimama pamoja.