Tukio la mtoto haliendi kwa mzazi

Juzi tena, kijana anayeandika programu kanifungulia laptopu hapa Michenzani: "Maalim, tukio la mtoto halimfikii mzazi." Mara ya ngapi hii, hata sijui. Halimfikii kwa sababu haliendi popote!

Programu yake ni ya vyombo vya baharini. Klasi (ramani ya kuundia vitu) `Chombo` ndiyo mzazi, ina tukio `Kimefika`, yaani tangazo kwa wanaosikiliza; klasi `Boti` ndiyo mtoto, inairithi. Boti ikifunga gatini Mkoani, Pemba, skrini ya bandari ya Malindi, Unguja, ibadilike. Yeye anadhani humo ndani mna vitu viwili, chombo na boti, na habari inavuka baina yao kama abiria. Hamna. Ukiunda boti unapata kitu kimoja tu kwenye kumbukumbu. Sehemu zake nyengine kaziandika mzazi, nyengine mtoto. Nani unataka ampelekee nani habari?

Sasa mbona, katika C#, lugha ya Microsoft anayoandikia, mtoto akirusha `Kimefika` mwenyewe kampaila (programu inayokagua na kutafsiri msimbo) inamtupia kosa CS0070? "Kwani mtoto harithi?" Hurithi, mwanangu, lakini mirathi hii mzazi yu hai na ufunguo wa kasha anao yeye. Kasha hilo ni fildi (mahali pa kuwekea data) ya siri ya klasi iliyotangaza tukio, na ndimo ilimo orodha ya wasikilizaji, yaani wanaongoja tukio, kama ile skrini. Mtoto anaweza kuongeza msikilizaji au kumwondoa, basi. Dawa inajulikana: mzazi aandike metodi iliyolindwa (kipande cha msimbo kinachoitwa na yeye na watoto wake tu), inayokubali kuandikwa upya, irushe tukio, mtoto aiite hiyo.

Kijana hakutaka dawa. Kaenda kuliandika upya tukio lenyewe ndani ya `Boti`, na kampaila ikamkubalia. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, maana sasa makasha ni mawili. Skrini imejiandikisha kwenye kasha la mtoto; metodi ya mzazi inafungua kasha la mzazi, tupu. Boti imefika, abiria washashuka, skrini kimya, na kosa halionekani popote. Microsoft wenyewe wameandika kwamba tusifanye hivyo.

Kinachonitatiza mimi ni kingine. Mtoto akiiandika upya metodi ile, ya mzazi aiite mwanzo au mwisho? (Akisahau kuiita, wasikilizaji hawapati kitu.) Mwanzo, skrini inatangaza kabla mtoto hajamaliza shughuli zake. Mwisho, shughuli hizo zikianguka njiani, boti imefika na hajulishwi mtu. Miaka yote naiita mwisho. Mwezi uliopita nimegeuza metodi mbili zikaiita mwanzo, na sijazirudisha.