Wakala wa programu: nani kamtuma?

Juzi nimeletewa tafsiri niipitie, mada ikiwa majeshi ya nchi kadhaa kutumia mawakala wa programu katika amri na udhibiti, yaani kazi ya makamanda ya kuongoza vikosi. Mtafsiri kaandika "majasusi wa kompyuta". Nikacheka, kisha nikakasirika, maana aliyemtangulia aliandika "vibaraka".

Maana yenyewe fupi. Wakala wa programu ni programu iliyopewa lengo, ikaachiwa itazame hali, iamue hatua na izungumze na programu nyingine bila mtu kubonyeza kila kitufe. Basi.

Linalotuponza ni neno. Magazeti yametuzoesha "mawakala wa CIA", ilhali mtaani wakala ni yule wa kibanda cha kutolea pesa. Wa kibandani ndiye aliye karibu na maana. Waingereza walitoa neno lao, agent, kwenye Kilatini, agere, kutenda. Sisi letu ni la Kiarabu, mzizi wa kumkabidhi mtu jambo lako, humohumo ilimotoka tawakali. Kwa Waarabu wakala ni huko kukabidhiana, anayekabidhiwa ni wakili. Tulipolipokea sisi, wakala akawa mtu, wakili tukampeleka mahakamani. Lakini nenda kwenye ndoa ya Kiislamu huku Pwani umsikie baba akimwambia shehe: "Nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu kwa fulani, kwa mahari kadhaa." Shehe anaifunga ndoa kwa mamlaka ya baba, ila kwa fulani huyo tu. Akimwozesha jirani yake, hakuna ndoa.

Kwa hiyo ukisikia wakala, uliza kwanza katumwa na nani, na mwisho wa ruhusa yake ni wapi. Jasusi anaficha aliyemtuma. Wakala asiyemtaja hapokelewi mlangoni.

Majeshi ya ushirika, yaani ya nchi kadhaa zinazopigana bega kwa bega, yanahangaika na swali hilohilo. Kila nchi ina mifumo yake na siri zake, na haiko tayari kumwachia mwenzake funguo zote. Marekani, Uingereza na Australia walilijaribu katika mradi wa CoAX (Coalition Agents Experiment, jaribio la mawakala wa ushirika), ulioonyeshwa Newport, Rhode Island, Oktoba 2002. Walibuni vita vya mwaka 2012 kaskazini-mashariki mwa Afrika: Gao na Agadez wanagombea nchi iitwayo Binni. (Agadez na Gao halisi ziko Niger na Mali, lakini tuyaache hayo.) Gao inajiunga na ushirika, moyoni ina lake. Mawakala wake wanapokelewa, kwa masharti: waongee na nani, watumie kiasi gani cha mtandao. Mmoja anaanza kumimina data ili aikabe programu ya kupangia operesheni za anga. Mlinzi wa mfumo anashtuka, anampunguzia mgao. Hapakuwa na haja ya kuipasua programu ya Gao kutazama kilichomo. Masharti yaliwekwa nje yake, na yaliweza kubadilishwa kazi ikiendelea. Kamanda alibaki binadamu.

Sasa, ndugu mtafsiri, kazi yako nyingine ni safi. Ule mstari wa tatu tu: futa "majasusi wa kompyuta", weka "mawakala wa programu". Na nafasi ikiruhusu, ongeza ni wa nchi gani.