Uchovu wa hedhi: upi unapita, upi unataka kipimo

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini: saluni, kwenye foleni ya kliniki, jikoni wakati wa kumenya vitunguu vya shughuli. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa.

Nikiingia mwezini, siku mbili za kwanza siwezi hata kuinua ndoo ya maji. Mume wangu anasema najidekeza. Ni kweli?

Hapana, dada. Kabla damu haijaanza kutoka, homoni mbili zinazoongoza mzunguko wako, estrojeni na projesteroni, hushuka. Kizazi nacho hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo kazi yake ni kukibana ili utando wake wa ndani utoke. Zikiwa nyingi hazitulii kizazini. Ndizo zinazokuharisha, zinazokutia kichefuchefu na kukupa ule mwili wa homa wakati homa huna. Juu ya hayo, usiku hulali vizuri, ama kwa maumivu ama kwa hofu ya kuchafua shuka.

Uchovu wa aina hii una mwisho. Siku ya tatu au ya nne unajiona umerudi mwenyewe. Kwa hiyo jiulize: hedhi ikikatika, nguvu zinarudi? Kama wiki nzima imepita tangu ukauke na bado unahema ukipanda kilima kidogo, moyo unakudunda ukibeba mtoto, au unasinzia daladala asubuhi hali usiku umelala, huo si uchovu wa siku mbili tena. Mara nyingi hapo pana upungufu wa damu, au wa madini ya chuma yanayotengeneza damu.

Damu "nyingi" ni kiasi gani? Kwetu wote tunatokwa hivi hivi.

Hilo "kwetu wote" ndilo linaloficha tatizo. Hakuna anayeiona hedhi ya mwenzake. Binti aliyekua na mama, shangazi na dada ambao wote hutokwa damu nyingi huona ndivyo wanawake walivyoumbwa. Akifundwa, huambiwa usafi, staha na miiko. Kiasi cha damu mara nyingi hakitajwi.

Wanawake wengi hupoteza kama mililita 30 hadi 40 kwa hedhi moja, yaani vijiko viwili vitatu vya kulia. Madaktari huanza kuiita nyingi ikipita mililita 80, kama finjani moja ya kahawa chungu. Bila shaka hakuna anayekinga damu kwenye finjani. Angalia maisha yako badala yake. Unabadilisha pedi au kitambaa kila baada ya saa moja au mbili kwa sababu imelowa kabisa? Unavaa pedi na juu yake unakunja kipande cha kanga? Unaamka usiku kubadilisha? Yanatoka mabonge mapana kama sarafu kubwa? Damu inapita siku saba? Kuna safari ya basi uliyoiahirisha, au sherehe ambayo hukuvaa nguo uliyoitaka kwa sababu ya rangi yake? Hata moja tu ya haya, ikiwa inajirudia kila mwezi, inatosha kukupeleka kituo cha afya. Nawaona wanawake wanaoijua vizuri bei ya pakiti tatu za pedi kwa mwezi, lakini hawajawahi kujiuliza kwa nini wao ni tatu na jirani ni moja.

Damu inatoka chini, mbona ninachoka kichwa mpaka miguu?

Kwa sababu chembe nyekundu za damu ndizo zinazobeba hewa ya oksijeni kuipeleka kwenye misuli na ubongo, na haziwezi kuibeba bila chuma. Kila mililita moja ya damu inayotoka inaondoka na karibu nusu miligramu ya chuma. Anayepoteza mililita 80 ameagana na miligramu 40 hivi. Na chakula tunachokula, hata kikiwa kizuri, huupa mwili miligramu moja hadi mbili tu kwa siku, ambazo sehemu yake inaliwa na matumizi mengine ya kila siku.

Ni kama daftari la mkopo kwa mangi. Mwezi huu umechukua zaidi ya ulicholipa, mwezi ujao vilevile, na mangi anacheka tu na kuandika. Hujui deni limefika wapi mpaka siku anapofunga daftari. Wengine deni lao huanza mbali: mimba mbili zilizofuatana, malaria ya mara kwa mara, au minyoo ya safura inayonyonya damu utumboni kimyakimya. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake kama 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kwa hiyo, ukiwa umekaa na wenzako kumi kwenye kikoba, si ajabu wanne wakawa na tatizo hilohilo, kila mmoja akidhani ni umri au ni kazi nyingi.

Nilipima damu, nikaambiwa ni 12 na pointi, ipo sawa. Mbona bado nachoka?

Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu hemoglobini yake ikiwa chini ya gramu 12 kwa desilita. Wewe umepita. Lakini kipimo hicho kinaonyesha damu iliyopo barabarani, hakionyeshi akiba ya chuma iliyobaki ghalani. Mwili hutumia ghala kwanza. Hemoglobini hushuka baadaye. Unaweza kuwa na 12 nzuri kwenye karatasi huku ghala likiwa tupu, na uchovu, nywele kukatika na kushindwa kuwa makini vikawa vimeshaanza.

Kipimo cha ghala kinaitwa ferritini. Ikiwa chini ya 15 kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, chuma kimepungua. Hakipatikani kila kituo na bei yake si ya kituo cha kata, lakini uliza. Akiba ikionekana ipo, daktari aangalie kwingine: ujauzito, sukari, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, maambukizi ya muda mrefu, au sonona. Hiyo ya mwisho tunaikwepa sana. Kama siku chache kabla ya hedhi unakata tamaa mpaka unafikiria kujidhuru, halafu hedhi ikianza giza linaondoka, mwambie daktari hivyohivyo ulivyo. Inatibika. Na kama mawazo ya kujidhuru yapo sasa hivi, usibaki peke yako. Mwite mtu unayemwamini akupeleke hospitali leo.

Mama mkwe ananisisitizia juisi ya rozela na bitiruti. Zinaongeza damu?

Kunywa, mama wa watu asinune. Ila wekundu wa juisi si wekundu wa damu. Gramu 100 za bitiruti hazifikishi hata miligramu moja ya chuma. Chuma ambacho mwili unakichukua kwa urahisi kipo kwenye nyama nyekundu, maini, samaki na dagaa. Usiwadharau dagaa, fungu moja sokoni linaweza kukusaidia kuliko chupa ya "kuongeza damu" inayouzwa kwa maneno mengi stendi. Maharage, kunde, choroko, mchicha na matembele yana chuma pia, ila mwili hukipata kwa shida. Kamulia limao kwenye mboga ikishaiva, au kula chungwa, pera au embe palepale baada ya chakula. Vitamini C hukisaidia chuma kupenya.

Adui mkubwa mezani kwetu ni chai. Ya rangi au ya maziwa, ikinywewa pamoja na chakula hukifunga chuma kisiingie mwilini. Kahawa ni hivyohivyo. Sisemi uache chai, nani angenisikiliza? Iache isubiri saa moja au mbili baada ya kula.

Halafu kuna pemba, ule udongo wa kutafuna unaouzwa kwa vifungu. Hamu ya udongo, mchele mbichi au barafu mara nyingi ni dalili kuwa chuma kimekwisha, na udongo wenyewe unaweza kukizuia chuma kilichomo kwenye chakula. Kwa hiyo unayeficha kipande kwenye mkoba, usione aibu kumwambia muuguzi. Atakuwa amepata taarifa ya maana kuliko "nachoka."

Vidonge vya kuongeza damu vinanifunga choo na kunichafua tumbo. Niache?

Usiache, badilisha namna ya kumeza. Watafiti wamegundua kwamba mwili huchukua chuma vizuri zaidi ukimeza siku moja na kupumzika siku moja, kuliko kujilazimisha mara mbili tatu kwa siku. Muulize daktari kama wewe unafaa mpango huo. Meza kwa maji au juisi ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Tumbo likigoma, meza na chakula kidogo. Choo kuwa cheusi ni kawaida.

Wengi hukosea kwa kuacha mapema. Baada ya wiki mbili tatu unajisikia vizuri, unaacha, na ghala bado tupu. Kwa kawaida vidonge huendelea kama miezi mitatu baada ya damu kupanda. Na anayejua ana selimundu asijianzishie mwenyewe kabla ya kuongea na kliniki yake. Viweke mbali na watoto: vidonge vichache tu vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo, na baadhi yake ni vyekundu kama peremende.

Siku yenyewe ikifika nifanyeje? Nina genge la chakula, sina likizo.

Maumivu yakianza kunong'ona, usisubiri yapige kelele. Aibuprofeni hupunguza hizo prostaglandini zenyewe, na kwa sababu hiyo hupunguza pia kiasi cha damu. Mtu mzima kwa kawaida humeza miligramu 400 kila baada ya saa nane, baada ya kula, kwa siku mbili tatu za mwanzo. Haiwafai wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, wajawazito, wala mwenye pumu ambaye dawa za jamii hiyo humbana kifua. Aspirini iache, inaweza kuongeza damu.

Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa kanga na kuwekwa tumboni inasaidia kweli. Kunywa maji, kula asubuhi hata kama hamu haipo. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu vinakukopesha saa mbili na kukudai usingizi wa usiku. Na ukijua tarehe zako, kazi nzito kama kubeba magunia na kusaga zisogeze nyuma au mbele siku mbili. Wanaume hupanga kazi kwa kufuata mvua. Kupanga kazi kwa kufuata hedhi si uvivu.

Nimewekewa kitanzi na damu imeongezeka.

Kitanzi cha madini ya shaba hufanya hivyo, hasa miezi mitatu hadi sita ya kwanza. Ikiendelea, rudi kwa aliyekuwekea. Kuna kitanzi cha homoni ambacho hufanya kinyume chake.

Binti yangu ana miaka 14, akiwa kwenye siku zake anasinzia darasani.

Mwaka wa kwanza na wa pili baada ya kuvunja ungo, mzunguko huwa haujatulia. Damu huweza kukaa miezi miwili bila kuonekana, kisha ikaja siku kumi. Asipelekwe kwa wa chango kwanza. Apimwe wingi wa damu. Na kama hedhi yake ilikuwa nzito tangu ya kwanza kabisa, naye hutokwa damu puani au kwenye fizi, au kidonda kidogo hakikauki damu, mtajie daktari hayo yote kwa pamoja. Huenda damu yake haigandi inavyotakiwa, na hilo lina matibabu.

Ramadhani nikiwa hedhini sifungi, lakini naona haya kula nyumbani. Nashinda hivyohivyo.

Unafunga bila kufunga, na mwili unapoteza damu. Weka chakula chako chumbani, ule.

Nisisubiri lini?

Ukilowesha pedi moja kila saa kwa saa mbili au zaidi mfululizo, ukizimia au kuona giza ukisimama, ukihema ukiwa umekaa, au ukitokwa damu na maumivu makali upande mmoja wa tumbo huku unahisi unaweza kuwa mjamzito, nenda hospitali leo hii, hata kama ni usiku.

Kwa mengine, nenda na kumbukumbu. Miezi miwili weka alama kwenye kalenda ya ukutani: damu imeanza lini, imeisha lini, pedi ngapi siku ile nzito, kazi gani ilikushinda. Ukiingia kwa daktari usianze na "nachoka." Sema: "Natokwa damu siku tisa, siku ya pili natumia pedi nane, kuna mabonge, na wiki ya tatu bado nahema." Hapo ataangalia kama kuna uvimbe kwenye kizazi au sababu nyingine. Akikujibu kuwa ni mambo ya kike, utazoea, mwambie kwa heshima: "Sawa, daktari, lakini naomba kwanza tupime damu."